Kona ya Ufundi: CD Imekufa au Programu Imegoma? Pima Kabla ya Kumdai Mtoto

Mwezi uliopita niliahidi kwamba kona hii itaendelea na habari za betri za sola. Betri zitasubiri kidogo. Tangu shule zifungwe nimeletewa kesi tatu za CD za gemu, na katika zote tatu kuna mtu mzima anamdai mtoto. Naomba tuongee hili kwanza.

Mnajua inavyokuwa. Mtoto ametoa hela yake, amekaa kwenye benchi la banda, anacheza mpira wa kwenye PlayStation 2. Ghafla picha inaganda. Sauti inabaki inarudiarudia kama mtu mwenye kigugumizi. Mwenye banda anakuja, anatoa CD, anaigeuza kwenye mwanga, anaona mistari. "Umeniharibia CD." Aliyeshika pedi wa mwisho ndiye mwenye deni. Jioni baba anaitwa, na kama hela hakuna basi unapimwa unga wa posho. Unga wa posho, jamani, kwa ajili ya mistari! CD karibu zote hapa kambini zina mistari, hata zile zinazocheza vizuri kila siku. Ukiona mistari umeona mistari tu, bado hujaona kilichogandisha gemu.

Kuna watakaouliza mwalimu anatafuta nini kwenye mambo ya mabanda. Jibu ni fupi. Mtoto anayedaiwa anaogopa kupita mbele ya banda, na kama banda liko njia ya kwenda shule, shule zikifunguliwa hatumuoni darasani. Hilo linanihusu.

Sasa tuingie kwenye kazi. Gemu ikigoma, washitakiwa ni watatu: CD yenyewe, mashine inayoisoma, na programu. Programu ni yale maelekezo yaliyoandikwa ndani ya CD na watengenezaji, pamoja na vile vitu ambavyo gemu imehifadhi kwenye memori kadi. Chukua mfano wa kitabu cha hesabu. Ukurasa ukichanika, hiyo ni CD mbovu: kitabu chako peke yake ndicho kina shida, cha mwenzako ni kizima. Mtiwa chapa akikosea jibu la swali la 7, hiyo ni programu: vitabu vyote vya toleo hilo vina kosa lilelile, hata kile kipya kilichotoka dukani leo. Na kama kitabu ni kizima lakini mwanafunzi haoni vizuri, hiyo ndiyo mashine yenye lenzi iliyochoka.

Tukumbuke pia umri wa vitu hivi. PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani mwaka 2000, na iliacha kutengenezwa kati ya 2012 na 2013. PES 2014, ile mnayoipenda, ilitoka 2013 na ni moja ya gemu za mwisho kabisa kutengenezewa mashine hiyo. Kwa hiyo hata mashine iliyo changa kuliko zote hapa kwetu ina miaka zaidi ya kumi, na imekula vumbi jekundu miaka yote hiyo.

Kipimo cha kwanza hakihitaji fundi, kinahitaji jirani mwenye banda lingine. Chukua CD inayoshukiwa, iweke kwenye mashine ya jirani. Kisha chukua CD ya jirani unayojua ni nzima, iweke kwenye mashine yako. Ikiwa CD yako inacheza vizuri kwa jirani, mtoto huyo mwachie aende, CD haina kosa. Ikiwa CD ya jirani nayo inaganda kwako, mashine yako ndiyo mgonjwa.

Lakini angalieni jambo moja ambalo wengi hawalijui. Geuza CD utazame rangi ya chini. Zile orijino za PlayStation 2 zenye rangi ya buluu chini ni CD za kawaida, zinabeba kama megabaiti 700. Zile za fedha ni DVD, zinabeba gigabaiti 4.7. Nyeusi ni za PlayStation ya kwanza. Mashine inasoma CD kwa mwanga wa aina moja na DVD kwa mwanga wa aina nyingine. Mwanga mmoja unaweza kuchoka na mwingine ukabaki mzima. Ndiyo maana unasikia mtu anasema, "Mashine yangu ni nzima, mbona hii ya buluu inacheza?" Inacheza ndiyo, lakini ile ya fedha haisomi, na kosa si la ile ya fedha. Kwa hiyo ukipima, linganisha fedha kwa fedha na buluu kwa buluu.

Tuseme umepima, na CD inagoma kwenye mashine mbili, tena mahali palepale, wakati CD nyingine zote zinacheza. Hapo shaka inaegemea kwenye CD, lakini usipige muhuri bado, maana kosa la programu nalo linagoma palepale kwenye mashine yoyote. Tafuta nakala nyingine ya gemu hiyohiyo. Ikipita pale ambapo yako imekwama, basi yako ndiyo mbovu. Ikikwama na yenyewe, programu ina kosa. Kwenye CD za kuchoma, ambazo ndizo nyingi kwetu, uliza kwanza nakala zile zimetoka wapi. Kama zote mbili zimezaliwa na mama mmoja, na mama alikuwa na jeraha siku ya kunakiliwa, watoto wote wamerithi jeraha. Nakala ya pili itoke banda ambalo halikunakili mahali pamoja na wewe.

Nataka nikae kidogo kwenye mistari, kwa sababu ndiyo inayopeleka watu kwa mwenyekiti wa kijiji. CD ina upana wa sentimeta 12 na unene wa milimita 1.2. Maandishi yake yamepangwa kwenye mstari mmoja mwembamba sana unaozunguka kuanzia katikati kwenda nje, kama mkeka wa duara unavyosukwa. Kwenye CD moja ukiunyoosha mstari huo unapata zaidi ya kilometa 5. Waliobuni CD, kampuni za Philips na Sony, ambazo CD zake zilianza kuuzwa 1982, walijua watu watazikwaruza. Kwa hiyo maandishi yameandikwa kwa namna ya kujisahihisha: kipande kikipotea, mashine inakihesabu upya kutokana na vipande vingine. Kwenye CD mashine inaweza kurudisha kipande kilichopotea cha hadi milimita 2.5 za ule mstari.

Maana yake nini kwetu? Mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni, kama mshale wa gurudumu la baiskeli, unakata kila mzunguko mahali padogo tu. Mashine inajaza pengo na kuendelea. Lakini mkwaruzo unaozunguka, unaofuata mduara wa CD, unafuta sehemu ndefu ya mstari uleule, na hapo hakuna cha kuhesabu. Mkwaruzo mmoja wa kuzunguka, hata kama ni mwembamba, ni mbaya kuliko mikwaruzo kumi ya kukata. Na huo wa kuzunguka mara nyingi hauletwi na mtoto kabisa. Unaletwa na mashine, mtu anapoisogeza au kuisimamisha wakati CD inazunguka ndani. Au unaletwa na mwenye banda mwenyewe anayefuta CD kwa kuizungushia kitambaa chenye vumbi. Wenye mabanda wasinichukie, lakini ndivyo ilivyo.

Jeraha baya kuliko yote liko upande ambao hakuna anayeutazama, yaani upande wa picha. Kwenye CD ya kawaida maandishi yako chini kidogo tu ya hiyo picha, yamefunikwa na utando mwembamba. Ukikwaruza upande wa picha kwa msumari au kalamu ya wino, umekwaruza maandishi yenyewe. DVD ina nafuu, maana maandishi yake yako katikati ya sahani mbili zilizogandishwa pamoja. Pima hivi: usiku, washa tochi, weka CD mbele yake, upande wa picha ukikutazama. Ukiona vitobo vidogo vya mwanga vinapenya, hapo maandishi hayapo tena, na hakuna dawa. Ukiona ufa unaoanzia kwenye tundu la katikati, usiiweke tena kwenye mashine hata mara moja. Inazunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika, na ikipasuka humo ndani utapoteza na mashine.

CD za kuchoma zina ugonjwa wao mwingine. Zimeandikwa kwa rangi maalumu inayobadilishwa na mwanga, na jua linairudisha nyuma. CD iliyoanikwa kwenye kigae cha dirisha msimu mzima inaweza kufa bila mkwaruzo hata mmoja. Nani alipe hapo? Jua?

Kipimo cha pili ndicho ninachokipenda zaidi, na hiki kinahitaji kompyuta. Zile za mezani za zamani, zenye mdomo wa kusomea DVD, zinatosha. Kompyuta haiwezi kuchezesha gemu ya PlayStation 2 hivihivi, lakini inaweza kusoma mafaili yaliyomo. Weka CD, fungua, chagua mafaili yote, nakili kwenye kompyuta. Halafu kaa utazame. Ikiwa kazi inakwenda vizuri kisha inakwama kwenye faili moja, mashine inaunguruma, na mwishoni Windows inatoa ujumbe kwamba data haisomeki, CD ina jeraha, na sasa unajua hata faili gani limejeruhiwa. Ikiwa mafaili yote yanapita hadi mwisho bila lalamiko, basi CD inasomeka yote. Gemu ikiendelea kugoma baada ya hapo, tafuta kosa kwenye mashine au kwenye programu, acha kumtazama mtoto.

Na hizi gemu za kompyuta zenyewe, zile za hesabu na za kuchapa tunazotumia na darasa la tano, nazo zinasema zenyewe zikisomwa vizuri. Ujumbe unaolalamikia kusoma au kunakili unahusu CD. Ujumbe unaosema faili fulani la Windows halipo, au kwamba gemu hii haikubaliani na toleo hili la Windows, unahusu programu. Gemu ya mwaka 1998 haidaiwi kufanya kazi kwenye kompyuta ya leo, hata kama CD yake inang'aa kama sahani ya arusi.

Tufike sasa kwenye programu, maana hapa ndipo watoto wanaonewa zaidi. Watu hawaamini kwamba kiwanda kinaweza kuuza gemu yenye kosa. Kinaweza. Grand Theft Auto: Vice City ilitoka 2002, na katika toleo lake la kwanza la PlayStation 2, ukihifadhi mchezo kwenye kile kiwanda cha barafu tamu ulichonunua humo ndani, faili lako linaweza kuharibika lisifunguke tena. CD ni mpya, mashine ni mpya, na bado faili linakufa. (Wazazi, gemu hiyo si ya watoto kabisa. Naitaja kwa ufundi tu.) Na tarehe 1 Machi 2010, PlayStation 3 za muundo wa zamani ziligoma duniani kote kwa siku moja. Saa yake ya ndani ilihesabu mwaka 2010 kuwa mwaka mrefu, wenye tarehe 29 Februari, na mwaka huo haukuwa nayo. Gemu kadhaa zikakataa kufunguka. Siku ile ilipopita, mashine zikapona zenyewe. Fikiria mwenye banda siku hiyo angemdai nani.

Katika zile kesi tatu, mbili ni za CD kweli: moja ina vitobo, nyingine ina mkwaruzo wa kuzunguka ambao hata mimi naweza kuuona bila tochi. Ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Mvulana wa miaka kumi na miwili, gemu ya mpira, inaganda mara tu inapofunguka, kabla hata ya kuchagua timu. CD ina mikwaruzo mingi ya kukata. Mwenye banda alikuwa ameshapokea nusu ya deni, kopo moja la mafuta ya kula, na anasubiri nusu ya pili. Tuliipeleka kwenye kompyuta, mafaili yakapita yote. Tukairudisha kwenye mashine ileile, tukachomoa memori kadi, tukawasha. Ikafunguka kama kawaida na vijana wakacheza dakika tisini zote. Tukarudisha memori kadi, ikaganda.

Hizi gemu za mpira zinapofunguka zinakwenda kwanza kwenye memori kadi kusoma mipangilio iliyohifadhiwa, majina ya wachezaji, timu mlizotengeneza. Faili hilo lilikuwa limekatika. Nikauliza, na vijana wenyewe wakasema: jioni ile jenereta lilizimika kwa kuisha mafuta, na kwenye skrini kulikuwa na yale maandishi yanayokataza kuzima mashine wakati inahifadhi. Tulifuta faili lile kupitia ukurasa wa memori kadi unaotokea ukiwasha PlayStation 2 bila CD, na gemu ikarudi. Kilichopotea ni timu tu. Kopo la mafuta limerudi kwa mama yake mvulana, nashukuru mwenye banda hakubisha.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu kingine chochote, chomoa memori kadi na ujaribu. Hakigharimu kitu, na kinachukua dakika mbili.

Kuhusu mashine sitasema mengi leo. Zikiganda gemu zote baada ya nusu saa ya joto, zikacheza asubuhi na kugoma jioni betri inaposhuka, hiyo ni mashine au umeme. Lenzi isafishwe na fundi, kwa pamba iliyo kavu au yenye spiriti kidogo. Usipulize kwa mdomo, mate yanaganda pale juu.

Nimalizie na maswali mawili yaliyoletwa.

Mama mmoja anauliza kama dawa ya meno inatibu CD. Inatibu kidogo, na si uchawi. Dawa ya meno nyeupe ina chembe za kusugua, inalainisha kingo za mkwaruzo mdogo upande wa kung'aa ili mwanga upite. Kwanza jaribu maji na tone la sabuni, maana mara nyingi ni uchafu na mafuta ya vidole. Tumia kitambaa laini cha pamba, futa kutoka katikati kwenda nje, kamwe usizungushe. Kausha kabisa. Ikishindikana ndiyo ujaribu dawa ya meno, ile isiyo jeli, kwa namna hiyohiyo. Kwa vitobo vya upande wa picha usipoteze dawa yako, bora watoto wapigie mswaki.

Kijana mmoja anasema binamu yake aliyehamishiwa Marekani alimtumia CD mbili orijino kwa mkono wa mtu. Zimefika hazina mkwaruzo, lakini mashine inaonyesha skrini nyekundu na maandishi ya Kiingereza yanayomwambia aweke CD ya PlayStation. Anamshuku aliyezibeba. Ndugu yangu, aliyezibeba hana kosa. CD za Marekani zimefungiwa mashine za Marekani, na mashine yako ni ya Ulaya. Hiyo ni amri ya programu, inakataa hata CD iliyotoka kiwandani jana. Skrini hiyohiyo utaiona ukiweka CD ya kuchoma kwenye mashine ambayo haijafunguliwa na fundi. Zitunze hizo mbili kwenye makasha yake, pengine atapatikana mwenye mashine ya kule au iliyofunguliwa. Na mwambie binamu safari nyingine, kabla ya kulipa, atazame nyuma ya kasha kama kuna alama ya herufi tatu: PAL.